Willis Osiako na Sinema Zisizosema

Bwana Willis Osiako anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo cha filamu cha maktaba yetu hapa Kakamega. Majirani wa ofisi yake watapumua kidogo, maana sauti yake haikujua ukuta.

Alipeleka sinema za zamani za vichekesho, zile zisizo na sauti, katika kumbi za makanisa na shule. Kwa kuwa waigizaji hawasemi, Osiako aliwasemea kwa maikrofoni. Polisi akiteleza matopeni, Osiako humfanya alalamike kwa Kikabras, lugha ya huku kwetu, na watu hushika mbavu.

Mwaka wa 2009, huko Matete, alitokea kwenye filamu mzungu aliyejipaka masizi usoni ili aigize mtu mweusi. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe: watu walidhani ni mkata miwa, kwani wakataji hutoka kwenye miwa iliyochomwa wakiwa na masizi hivyo hivyo. Kisha huyo mwenzao akaiba kuku, akatetemeka, akatoa macho kama chura. Watu wakaanza kutazamana. Osiako, aliyeizoea filamu hiyo, akaendelea kuchekesha peke yake. Katika safu ya mbele alikaa mama yake mzazi, Nasambu, aliyemsomesha kwa kukata miwa. Alisimama.

"Kwani hivi ndio wanatuonanga?" akauliza, akatoka.

Osiako hakula siku hiyo, na wanaomjua wanajua hilo si jambo dogo. Wakubwa walitaka sehemu kama hizo zikatwe. Yeye alitaka kuacha kazi kabisa. Mama ndiye aliyemzuia: "Usikate. Onyesha watu venye walikuwa wanatuchekanga. Lakini wewe usiwasaidie kutucheka."

Tangu hapo, sehemu hiyo ikifika, huisimamisha filamu na kuwauliza watazamaji wameona nini. Nimeshuhudia wazee wakibishana hadi chai ikapoa. Mimi inaniuma kwamba vichekesho ninavyovipenda vilitengenezwa hivyo, na sijui kama kitu kinaweza kupendwa nusu. Osiako naye husema hadharani kwamba hajui.

Mwaka jana alitengeneza filamu yake mwenyewe: wakata miwa wa Kabras wanahangaika kumwondoa fahali barabarani. Masizi yao ni ya kazini. Tutaiona Ijumaa saa nane mchana, ukumbini. Nasambu, ambaye hajaketi tena mbele ya sinema ya mwanawe tangu Matete, amekubali kuja.

Asante, Bwana Osiako. Tunakutakia pumziko jema, afya tele, na zaidi ya yote, kicheko cha mama yako.