Bunduki Iliyogoma Harusini

Ndani ya basi, Mzee Saeed alikuwa amepakata bunduki kuukuu, kaifunga kanga kama mtoto. "Nnairejesha dukani Sib," alimwambia kijana mwenye mavazi ya ofisini aliyeketi naye. "Harusi ya mwanangu, wanaume wote wamefyatua zao hewani kwa shangwe. Mie nimevuta mara tatu, kimya! Aibu iliyoje."

"Mbovu tu hiyo, ammi," alicheka kijana.

"Mbovu ingenyamaza daima. Ijumaa ilikuwa ukutani, haina risasi, ikalia ta! Jioni ikaja simu kutoka Unguja, dada yangu kafa. Juzi imelia tena. Kafa jirani."

"Chuma hicho, ammi. Joto."

"Joto la Maskati lipo kila siku, mwanangu. Mbona watu hawafi kila siku?"

Evodia, aliyekuwa kiti cha nyuma akirudi kwa tajiri wake Azaiba, alitaka kucheka na kijana, ila alishaivuta miguu yake mbali na ile bunduki.

Basi likapunguza mwendo. Ndani ya kanga bunduki ikalia: ta.

Kijana akaitoa simu yake, akaitazama. Abiria wote wakatazama mikoba yao.

Simu iliyoita ilikuwa ya Evodia. Ilikuwa namba ya kwao Bukoba, kwa watu ambao siku zote humngoja yeye apige.

"Azaiba," alisema dereva. Basi likasimama, simu ikaendelea kuita.