Pangaboi la Gerson

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni mpaka magoti yagusane. Huyo mwenye redio aizime, na anayetafuna karanga ameze kwanza, maana nikikatishwa sirudii. Hapa Makole, nyuma ya karakana ya Nikodemo, kuna benchi linalokaa kwenye kivuli cha ukuta. Ni kijiwe cha asubuhi hicho. Wenyewe wanakuja Sila akishapasha birika la kahawa, na kivuli kikiisha wanatawanyika kama kuku waliomwagiwa maji. Hata siku ya msiba sijapata kuwaona wamekaa juani. Mbele ya benchi kuna meza ya ufundi, ndefu, miguu imechimbiwa ardhini: nusu kivulini, nusu nje. Juu ya meza hiyo ndiko lilikofungwa kwa boliti pangaboi la mbao la ile ndege ndogo ambayo Nikodemo na kaka yake Gerson waliiunda wenyewe. Gerson alilichonga kwa mninga, akafa kabla halijazunguka hata mara moja. Siku ya kumzika Nikodemo alisema mbele ya watu wote: ndege hii itaruka na pangaboi la kaka yangu, au haitaruka.

Vanishi ya zamani ilikuwa imebanduka. Nikodemo akaikwangua yote, akalainisha mbao pande zote mbili, akafagia vumbi, ikabaki kupitisha msasa laini tu. Mara akaitwa kijiji cha Mlali kutengeneza mashine ya kusaga. Akawaachia watu wa kijiwe msasa.

— Pitisheni kidogo tu, kila upande sawasawa. Kidogo!

— Ondoa shaka, kamanda, wakamjibu.

Mashine ya Mlali ikamshikilia wiki nzima. Aliporudi, hata unga haujamtoka kwenye nywele, alipaka vanishi mpya, ikakauka iking'aa kama kioo. Ijumaa asubuhi akalifungua mezani, akapitisha nondo kwenye tundu la katikati, akaegesha nondo juu ya viti viwili. Pangaboi lililo sawa hutulia limelala. Hili likaanguka upande mmoja, pu! Akaliinua. Pu! Na mkaguzi wa ndege anakuja Jumatatu.

— Linaanguka, akasema Nikodemo.

— Tunaliona, akasema Alfonce, ambaye kijiwe kinamwita Injinia kwa sababu zamani alibeba mizigo uwanja wa ndege. Huo ni upepo, Niko. Upepo wa Dodoma unavuma upande mmoja, mbao imezoea kusukumwa.

— Upepo gani? Hata moshi wa Sila unapanda wima!

— Ndiyo umetulia sasa. Mazoea yamebaki.

Abdulwahab wa Kondoa, yule Mnara, habari zote zinapita kwake, akaweka kikombe chini.

— Injinia, acha kumchanganya mwenzio. Niko, mninga huu ulitoka wapi?

— Tabora.

— Basi! Na Tabora iko wapi? Magharibi. Na limeangukia wapi? Magharibi. Mti unakumbuka kwao.

Nikodemo akalinyanyua na nondo yake, akaligeuza, akaliachia. Ubawa uleule ukashuka, safari hii mashariki.

— Haya, Mnara. Limekumbuka Morogoro?

— Umelizungusha ghafla, limepotea njia.

— Jamani! Nikodemo akajishika kichwa. Nauliza kitu cha maana, mnaniletea Tabora!

— Utulivu, utulivu! Huyo ni Mzee Ulimboka, Spika wao, hakuna anayesema bila yeye kuruhusu, na hakuna anayemsikiliza. Nikodemo mwanangu, wewe lawama unampa mti, na mti hauna kosa. Tangu wakubwa wahamie hapa, maghorofa mangapi yamejengwa? Zege lote hilo limekwenda kulala upande mmoja wa mji. Ardhi imeinama. Mimi mwenyewe siku hizi nikilala nateremka kitandani.

— Unateremka kwa pombe, mzee, akasema Sila akimmiminia.

— Futa kauli!

— Ardhi ingeinama, vikombe vingemwagika, akalalamika Nikodemo. Mzee wangu, kwa heshima zote, nina siku tatu tu!

Injinia akainama karibu, akashusha sauti.

— Au ni mwenyewe. Labda marehemu Gerson analivuta, hataki...

— Mwache Gerson! Nikodemo alisema hivyo kwa sauti ambayo kijiwe hakijawahi kuisikia. Semeni upepo, semeni zege, semeni mtakavyo. Kaka yangu mwacheni alale.

Sila akatikisa birika, likajibu kwa mlio wa masalia.

Hapo akafika mwanamke mmoja na kikombe chake mkononi, Shamila, mpangaji mpya wa nyumba ya pili. Akawaamkia wazee shikamoo, wakaitikia marahaba bila kusogea. Benchi lilikuwa limejaa, akasimama juani, ng'ambo ya meza.

— Kahawa imebaki, kaka Sila?

— Ya mwisho hii, dada.

Akapuliza, akanywa, akiangalia pale alipokanyaga.

— Samahani, wazee wangu. Upande wenu huko chini ya meza kumejaa vumbi la msasa, jekundu. Huku kwangu hakuna kitu. Ule ubawa uliokuwa juani alikuwa anaupiga msasa nani?

Injinia akamtazama Mnara. Mnara akamtazama Spika. Spika akatafuta kahawa kwenye kikombe kilichokwisha.

— Mimi nilijua ni Mnara, akasema Injinia.

— Mimi? Na jua lile?

Nikodemo aliingia ndani, akatoka na kigezo cha bati alichokata Gerson, kile cha kupimia umbo la ubawa. Kwenye ubawa wa juani kilikaa kama nguo kwa mwenyewe. Kwenye ubawa wa kivulini kidole chake kilipita chini ya bati bila kugusa. Wiki nzima, wanaume watatu, ubawa mmoja.

— Si ulisema kidogo? Kila mtu alipitisha kidogo, akasema Spika, taratibu.

Jumatatu mkaguzi alikuta geti limefungwa.

Sasa sikieni nani alirithi nini. Kigezo alirithi Nikodemo, na kwa kigezo hicho anachonga pangaboi jingine, ndani, mlango ameukomea. Anasema mkono ni wake lakini umbo ni la Gerson, na kaka yake hatagomba. Msasa uliobaki alirithi Sila, anasugulia birika. Shamila alirithi nafasi benchini, katikati kabisa. Pangaboi la Gerson walilirithi watu wa kijiwe: limening'inia ukutani kwa msumari mmoja, ubawa mzito chini, na kila asubuhi wanabishana kwa nini.

Upande wa juani mpaka leo haujapata mrithi.