Simu Isiyo na Kitufe cha Kukata

ZORNITSA: Haloo? Ni nani?

OGNYAN: Dada Zornitsa! Mimi hapa! Unanisi— [dzz-dzz-dzz]

ZORNITSA: Nani? Sema kwa nguvu, kuna nyuki ndani ya simu yako.

OGNYAN: Ognyan! Binamu yako! Hujambo dada?

ZORNITSA: Ognyan! Sijambo, bwana wewe. Namba gani hii? Nilidhani ni wale watu wa bima, nilikuwa nakaribia kuku—

OGNYAN: Usikate! Nakuomba, usikate. Hii ikizimika inawaka kwa kubembelezwa.

ZORNITSA: Simu gani ya kubem— ngoja. Huo mlio. Hiyo si simu ya dukani.

OGNYAN: Si ya dukani.

ZORNITSA: Ni ile yetu? Ya baba na mimi?

OGNYAN: Nimeishika mkononi, dada. Ubao uliouchora wewe. Na redio ile ile ya kushika mtandao uliyoing'oa kwenye mashine za risiti zilizotupwa, ya bei ya kilo mbili za jibini.

ZORNITSA: Kumbe aliimaliza. Aliimaliza bila mimi.

OGNYAN: Kuimaliza ameimaliza, ila inakufa. Maneno mawili matatu, pu! giza. Nimejificha nyuma ya banda la kuku mjomba asini—

[Simu inakatika. Inaita tena.]

ZORNITSA: Haloo!

OGNYAN: Umeona sasa?

ZORNITSA: Nimeona. Baba yuko wapi?

OGNYAN: Shambani, anapogoa mizabibu. Leo sikukuu ya Mtakatifu Trifon wa mizabibu, somo wa mjomba, ndiyo siku ya jina lake. Au umesahau? Wageni tele. Wazee wote wa chama cha mafundi redio wamekuja na chupa zao, wanamwagia mashina divai kidogo, makoo yao nyingi. Na kila mmoja anaulizia ramani ya simu, akajenge yake.

ZORNITSA: Sijasahau. Hakunialika.

OGNYAN: Lo! Siku ya jina nani huwa anaalikwa? Mlango unaachwa wazi, anayekuja anakuja. Jiji la Sofia limekulevya, dada.

ZORNITSA: Mimi nikija atanifungulia mbwa. Alisema mbele ya watu kwamba natengeneza majeneza.

OGNYAN: Alisema simu za kampuni yenu zimegundishwa kama majeneza, hazifunguki. Hakusema we—

ZORNITSA: Anayezigundisha si ni mimi? Ndiyo kazi yangu, ndiyo inayonilisha! Nikamkatia simu. Na tangu hapo hataki kushika simu ya mtu yeyote. Mzee mzima ananuna kama bibi harusi!

OGNYAN: Mtoto wa nyoka ni nyoka. Na wewe ulikaa kimya.

ZORNITSA: Nani? Nimepiga kwa jirani mpaka nikaona haya. Kila nikipiga, ati yuko bafuni. Mtu gani huyo anayeishi bafuni?

OGNYAN: Haya, haya, tuyaache. Nipe dawa ya hii simu, upesi, kabla gari halija—

ZORNITSA: Gari gani?

OGNYAN: Gari tu. La jioni.

ZORNITSA: Ognyan.

OGNYAN: Dada, nimeapa. Kwa mkate na chumvi nimeapa.

ZORNITSA: Utaapa vizuri nikija kukuzaba kofi. Gari gani?

OGNYAN: La hospitali. Wanampeleka Plovdiv. Kesho wanamfungua kifua. Moyo, dada.

ZORNITSA: Mama yangu!

OGNYAN: Amekataza usiambiwe. Hataki uje kwa kumhurumia. Na simu ya dukani hataki hata ya kuazima, anasema usichoweza kukifungua si chako. Sasa hii ikifa analala kule peke yake, hakuna wa kumpata. Ndiyo maana nikaona bora niku—

[Simu inakatika. Inaita. Inakatika. Inaita tena.]

ZORNITSA: Usiongee! Nisikilize mimi, wewe jibu tu. Hapo nyuma ya banda mtandao ukoje?

OGNYAN: Kijistari kimoja.

ZORNITSA: Toka hapo, panda juu ya kitu. Mnara ukiwa mbali hiyo redio inapiga kelele ili isikike, na ikipiga kelele inakunywa umeme. Hainywi kwa kijiko, inagugumia.

OGNYAN: Nimepanda pipa.

ZORNITSA: Sasa fungua mgongo.

OGNYAN: Skrubu mbili. Tayari.

ZORNITSA: Kando ya redio nilichora duara. Pana kapasita nene, ndiyo tangi lake la umeme, ndiko inakogugumia. Ipo?

OGNYAN: Haipo.

ZORNITSA: Haipo! Nilimwandikia kwa wino mwekundu!

OGNYAN: Mahali pake pana kitu kingine. Cha shaba. Kama… ni kikengele, dada.

ZORNITSA: Kikengele cha nini? Simu inatikisika, yatosha!

OGNYAN: Inatikisika, ndiyo. Wazee wa chama wakipiga inatikisika tu. Hiki kikengele amekifungia namba moja. Nilimwona akikijaribu.

ZORNITSA: Namba ya nani?

OGNYAN: Ya mtu tu.

ZORNITSA: We Ognyan, namba ya nani?

OGNYAN: Unadhani hii namba yako mpya nimeitoa wapi? Mjomba aliichukua kwa jirani, iko humu ndani peke yake.

ZORNITSA: Mzee mjinga. Mzee mjinga kabisa. Ameinyima simu pumzi kwa ajili ya… mzee mjinga!

OGNYAN: Unalia?

ZORNITSA: Nalia, ndiyo. Kwani ni dhambi?

OGNYAN: Niking'oe?

ZORNITSA: Ukikigusa nitakuua! Sikiliza. Mashine za risiti zimebaki?

OGNYAN: Ile ya duka la mikate.

ZORNITSA: Ifungue. Pale waya wa umeme unapoingilia pana kapasita, nene kama kizibo cha divai. Itoe, iunge kwa nje, mgongoni. Waya mfupi, mnene. Na zile nyuzi nyembamba za kengele ya mlango alizotumia baba kutoka kwenye betri, zitupe, weka nene.

OGNYAN: Umejuaje ni za kengele ya mlango?

ZORNITSA: Namjua. Upande wenye mstari ni hasi. Ukigeuza itakulipukia, hayo masharubu uyaage.

OGNYAN: Lakini itakuwa na kibyongo.

ZORNITSA: Iwe nacho. Ukimaliza mpe yeye, aitie mfukoni, arudi kwa wageni wake. Usinipigie. Nitapiga mimi. Haya, kata.

OGNYAN: Nikate wapi? Haina kitufe.

ZORNITSA: Amesahau kitufe cha kukata?

OGNYAN: Hajasahau. Nilimuuliza. Akasema, anayetaka kukata akate yeye.

ZORNITSA: Toa betri, Ognyan. Toa betri, kimbia.

[Simu inakatika. Namba haipatikani. Namba haipatikani. Namba haipatikani. Inaita.]

TRIFON: Haloo? Ni nani?

ZORNITSA: Baba, kengele imelia. Unajua ni nani.

TRIFON: [watu wanacheka kwa mbali] Imelia mbele ya watu. Nimeangusha mkasi.

ZORNITSA: Heri ya siku ya jina, baba.

TRIFON: Nani kanibandikia hiki kibyongo?

ZORNITSA: Mimi. Kwa mkono wa Ognyan.

TRIFON: Ameunga solda vibaya. Ila ule mlio umekoma.

ZORNITSA: Ungeniuliza mapema.

TRIFON: Ningekuulizaje? Ulikata.

ZORNITSA: Nilikata, na wewe ukahamia bafuni!

TRIFON: Bafuni mna joto.

ZORNITSA: Baba, kesho kuna nini?

TRIFON: Huyo Ognyan nitayapogoa masharubu yake kwa mkasi huu huu.

ZORNITSA: Unaogopa?

TRIFON: Mimi? Naogopa, mwanangu. Wanakwenda kunifungua na mimi nimelala. Sitaweza hata kuwaelekeza.

ZORNITSA: Gari linakuja saa ngapi?

TRIFON: Saa kumi na mbili. Sikualiki.

ZORNITSA: Najua. Siku ya jina hakuna anayealikwa.

TRIFON: Hakuna. Mlango uko wazi tu. Na ule mzabibu wako wa kisimani sijaupogoa, nimeuruka. Mgongo unauma. Haya, kata, utachelewa kituoni.

ZORNITSA: Kata wewe.

TRIFON: Yangu haina kitufe.

ZORNITSA: Basi sikati. Natafuta viatu.