Mama Kiganja, Mshona Mito ya Migongo ya Farasi

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi mliotoka mabanda ya farasi, wengine mkiwa bado na viatu vya kazi: familia inawashukuru kwa kufika. Marehemu aliacha agizo kwamba wasifu wake usiwe wa kumpaka mafuta. Alisema akisifiwa kupita kiasi atainuka aondoke zake. Tena kuna jambo moja alilotaka lisemwe mbele yenu nyote, juu ya mtu aliyefukuzwa kazi mwaka 1979. Tutalifikia mahali pake.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1949, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili iliyochangia ukuta na kiwanda cha ngozi. Baba yake alikwangua ngozi kiwandani humo, na mama yake alifua nguo za watu. Watoto wa nyumba ile walilalia ngozi za kondoo zilizokataliwa kiwandani kwa sababu ya matundu. Ngozi yake yeye ilikuwa na tundu moja, naye alizoea kulitia kidole mpaka usingizi umchukue. Mama yake alilishona mara tatu, na mara zote tatu lilikutwa wazi asubuhi.

Alisoma shule ya msingi ya ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1957 hadi 1964. Mwenzake wa dawati alimshtaki kwa mwalimu kwamba ananuka ngozi, na mwalimu akamhamishia dirishani, akidhani anamtenga. Kumbe kampa kiti kizuri kuliko vyote darasani, na marehemu hakuwahi kumshukuru mtu yeyote kama alivyomshukuru yule mshitaki. Hesabu na yeye hawakuelewana, lakini mwandiko wake ulitundikwa ukutani. Baba alipoanza kukohoa na kukaa nyumbani, masomo yaliishia hapo. Hakulia. Alisema kalamu na msharasi wa kutobolea ngozi vyote hushikwa kwa vidole vitatu.

Januari 1966 alipokelewa kwenye karakana ya matandiko iliyo nyuma ya mabanda ya farasi wa kupanda, ile yenye meza ndefu na dirisha moja linalotazama kisima. Fundi mkuu, mtu mfupi asiyemaliza sentensi, alimpa ufagio kwa miezi minne kabla ya kumpa sindano. Alipompa, hakumnyang'anya tena. Kazi yake hasa ikawa mito ya ngozi ya kondoo, ile inayowekwa kati ya tandiko na mgongo wa farasi ili inyonye jasho na kutawanya uzito wa mpandaji. Aliichagua ngozi kwa kuipuliza manyoya, aone kama yamesongamana hadi chini. Aliifua kwa maji ya baridi na kuianika kivulini, kwa sababu ngozi ya juani hukakamaa ikavunjika kama mkate wa juzi. Katikati ya mto, pale unapopita uti wa mgongo, aliacha njia ya hewa. Mteja akimwambia azibe ile njia ili mto upendeze, alimuuliza kama na yeye angependa kuzibwa pua apendeze.

Mume wake alikuwa dereva wa lori lililoleta nyasi kavu mabandani. Siku moja aliomba kiti cha lori kivikwe ngozi ya kondoo, marehemu akakivika. Wiki iliyofuata dereva akarudi kusema kiti bado kigumu. Wiki ya tatu vilevile. Safari ya tano fundi mkuu, kwa mara ya kwanza, alimaliza sentensi: "Kijana, kiti kimelainika siku nyingi, kigumu ni hicho unachotaka kusema." Walifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1972 na kujaliwa watoto watatu. Lori liliuzwa zamani, lakini kifuniko kile cha kiti kipo sebuleni hadi leo, na paka ndiye mwenye nacho.

Sasa tumefika.

Juni 1979, farasi jike wa rangi ya kahawia aliyependwa na mwenye mabanda alianza kushtuka kila akitandikwa. Alikuwa amenenepa mabegani, na tandiko lake la zamani lilikuwa limeanza kumbana. Zilibaki siku mbili tu kabla ya mashindano. Msimamizi wa mabanda alimwagiza marehemu mto mnene, wa tabaka mbili, ili farasi asiumie. Fundi anajua cha kufanya hapo: anakwenda bandani, anamtandika farasi, anapitisha kiganja chini ya tandiko aone pana nafasi gani. Marehemu hakwenda. Kifungua mimba wake alikuwa kitandani na surua, naye alitaka kuwahi nyumbani. Alipimia mto ule kwenye kigogo cha karakana kilichochongwa kama mgongo wa farasi, akaushona vizuri kuliko yote aliyowahi kushona, akaondoka saa kumi.

Tandiko lililobana likazidi kubana. Farasi alirudi kutoka mashindanoni na majeraha mawili kwenye nundu ya mabega.

Mtunza farasi wake alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na moja, mwenye mke na watoto wawili. Nyote mnamjua kwa jina la Brashi, kwa kuwa hakuachana na brashi yake hata wakati wa kula. Msimamizi alimtuhumu kuacha mbegu za miiba kwenye manyoya ya mto. Akawaita yeye na marehemu uani, watu wakaacha kazi kusikiliza.

"Fundi," msimamizi aliuliza, "huu mto wako una kasoro yoyote?"

"Hauna," marehemu alijibu.

Na kweli mto haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kuuweka chini ya tandiko lile, na hilo hakuulizwa.

"Bosi, mimi niliuchana asubuhi na jioni," Brashi alisema. "Muulize dada hapa, alikuwa ananiona dirishani, nikiwa pale kisimani."

Marehemu alikuwa amemwona. Aliangalia kastabini ya kukinga sindano iliyokuwa bado kwenye kidole chake, akanyamaza. Brashi alifukuzwa siku hiyohiyo, na neno likamtangulia kila banda alilobisha hodi: huyu ndiye aliyeharibu mgongo wa farasi. Hakushika tena kazi ya farasi. Aliosha mabasi kwa miaka ishirini na mitano.

Tangu wiki ile hakuna mto uliotoka karakana bila marehemu kwenda bandani kupitisha mkono chini ya tandiko. Wanafunzi wake wanaikumbuka kauli yake: "Kiatu kikibana, huongezi soksi." Watu wakamwita Mama Kiganja, wakimsifu kwa uangalifu. Alipokuwa fundi mkuu mwaka 1984, jina hilo liliandikwa kwa rangi juu ya mlango wa karakana. Sisi watoto tulishangaa kwa nini alipenda kuingilia mlango wa nyuma. Alitueleza mwezi mmoja kabla ya kufa: kila alipoitwa jina lile, moyo ulimuuma.

Mwaka 1998 alikwenda karakana ya mabasi, akamkuta Brashi anakamua dekio.

"Kaka, ule mto ulikuwa kosa langu. Tandiko lilikuwa linabana, mimi nikaongeza unene. Na wewe nilikuona ukiuchana."

Brashi alimaliza kwanza kukamua. "Dada, mimi nilikuwa najua sikukosea. Wasiojua ni wao. Waambie wao."

Hakumtukana wala hakumfukuza. Alimpa kiti na maji ya kunywa, wakaongea habari za watoto. Lakini kazi aliyompa, ya kuwaambia watu wa mabanda, ilimshinda marehemu. Mwaka 2009, siku ya kustaafu kwake, alisimama mbele ya watu wote wa mabanda na karatasi mkononi, akaikunja bila kuisoma, akashukuru kwa saa ya ukutani aliyopewa, akakaa. Mume wake, aliyekuwa anajua, alimshika mkono chini ya meza.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza mwaka 2020. Aliwahi kuwaonya majirani wengi kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, kisha akaficha yake kwa miezi minane, akisingizia kwamba ngazi za nyumba zimeongezeka. Madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake walimhudumia kwa upole, nasi tunawashukuru. Februari 2023, kitandani, alimwita binti yake wa pili, ambaye ndiye anayesoma maneno haya, akamwambia achukue kalamu. Binti aliandika kwamba mwaka 1979 kulitokea kutoelewana kazini.

"Kutoelewana na nani?" mama aliuliza. "Futa hapo. Andika nilinyamaza."

Binti alifuta. Alilia kidogo, mama akamsubiri, kisha wakaendelea.

Alifariki tarehe 3 Machi 2023, saa nne asubuhi, mume wake akiwa pembeni. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Tulimpelekea Brashi rasimu hii kabla haijachapwa, maana habari ni yake kama ilivyo ya marehemu. Aliisoma mara mbili.

"Itasomwa kwa sauti?" aliuliza.

"Kwa sauti, mzee."

"Na wale wa mabandani watakuwepo?"

"Watakuwepo."

Akavua miwani, akaifuta. "Basi ongezeni kwamba yule farasi alipona. Aliuzwa shamba moja huko, nikawa nakwenda kumwangalia. Pale palipochubuka paliota manyoya meupe, lakini alipona, akazaa na watoto wawili. Mama yenu hakuniuliza, na mimi sikufikiri kumwambia."

Tumeongeza. Tunasikitika kwamba mama hakulijua hilo.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, mdogo wake mmoja wa kiume, na mafundi kumi na mmoja aliowafundisha kazi. Amemwacha pia mtu aliyepoteza kazi yake bila kosa lolote, na ambaye hakuacha kumwita dada.

Kwa agizo la marehemu, na sasa kwa ombi la familia nzima: wale mliokuwa uani siku ile ya Juni 1979, na wale mliosimuliwa mkaamini, kabla jeneza halijashushwa piteni mstari wa pili mumpe mkono Brashi. Amevaa koti la kijivu. Hakuna haja ya kusema mengi, mwambieni tu kwamba sasa mnajua. Tutasubiri mpaka wa mwisho apite, ndipo tumlaze mama yetu, na Mungu ampe pumziko ambalo kwa miaka arobaini na minne hakulipata.