Kapu la Nyundo

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki mbali. Na wewe Goodness acha kulia, sijafa bado. Ukimaliza machozi leo, kesho utanililia kwa nini? Enesi, niinue kidogo. Venance, usikae mlangoni kama mgeni, njoo hapa nikuone.

La mashamba nalimaliza upesi, maana silo linaloninyima usingizi. Kahawa ya mteremkoni ni ya Enesi, ndiye aliyeipalilia, na asije mtu akamwambia mwanamke harithi. Ng'ombe gawaneni bila kupelekana barazani. Mpaka wa jirani yetu Luka uacheni pale alipouweka yeye; nimechoka kugombana na mtu atakayebeba jeneza langu.

Sasa sikilizeni. Babu yenu alikuwa mhunzi hapa Hasamba, na tanuru lake la udongo alilifinyangia maziwa mawili kifuani, akalivisha shanga, akaliita bibi harusi, maana alisema chuma hakipatikani tu, chuma huzaliwa. Nyundo ya kwanza kuzaliwa humo aliipokea nyumbani kwa vigelegele, ikalazwa kapuni, ikaitwa mama wa ukoo, na tangu hapo hakuna binti wa nyumba hii aliyeolewa kabla ya kutia mkono kapuni, akaigusa, akasema, "Nimetoka motoni, siogopi moto wenu." Yalipokuja majembe ya dukani tanuru likabomolewa na mvua, nyundo ikabaki. Hatukuiabudu, jamani! Ile picha ya marehemu mama yenu pale ukutani, kuna anayeipikia ugali? Haya, ichaneni basi, muone kama moyo hautawauma.

Venance aliokoka, nikafurahi, mimi mwenyewe ni mzee wa kanisa. Akasikia mahubiri juu ya sanamu, akarudi kichwa kimemchemka, na mimi nikiwa shambani akaichukua nyundo pamoja na majembe yaliyochakaa, akawauzia watu wa chuma chakavu pale Tunduma, ikavuka mpaka kwenda kuyeyushwa. Kapu akaliacha, tena akalifunika kitambaa vizuri. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Mimi nasema huyu angeambiwa, na wa kumwambia nilikuwa mimi.

Siku ya harusi ya Rosemary, dada yenu, wakwe kutoka Ileje wamekaa, vigelegele vimeanza, nikalinyanyua kapu na kuliona jepesi, lakini nilikuwa nimeshasimama. Nikafunua. Mkono wa mtoto ukabaki hewani. Wazee wakatazama chini, mmoja akacheka puani. Niliona aibu, wanangu, aibu ya kutamani ardhi inimeze, na tangu siku ile sokoni siendi, na kanisani nakaa nyuma na wachelewaji. Rosemary aliondoka bila kuyasema maneno yake ya motoni, na hajarudi kutusalimu mpaka leo.

Sasa zamu ya Goodness imefika, na wakwe watalitaka kapu. Shangazi yenu Sekela anasema tununue nyundo nyingine, tuipake masizi, nani atajua? Mimi nitajua, hata huko niendako. Ukoo nao unataka nimkatae Venance mbele yenu. Simkatai. Damu nzito kuliko maji, na aliyevunja ndiye atakayebeba.

Niletee maji, Enesi... Basi, yatosha.

Venance, kapu ni lako. Usitie kitu ndani, wala jiwe, wala nyundo ya duka. Siku ya Goodness utasimama nalo mbele ya wakwe, utafunua mwenyewe, waone, na utawaambia nyundo ilikuwa nini na nani aliiuza. Usimtaje shetani, usimtaje mhubiri. Sema, "Ni mimi." Kisha mdogo wako atie mkono humo humo, aseme maneno ya shangazi zake. Na watoto wenu wakiuliza, kapu tupu la nini, waambieni yote. Msiwafunikie.

Rosemary mwiteni. Mwambieni baba... mwambieni baba yake aliomba msamaha.

Mungu awaweke pamoja. Awape watoto wenye maswali mengi, nanyi awape kinywa cha kujibu. Mimi nimechoka.

Lilete kapu, nilione. Lishike hapo. Goodness, tia mkono, mama, sema nikusikie... Taratibu... Ndiyo.

Venance. Mbona unalishika kwa mikono miwili, baba, na kapu halina kitu?