Bi Alya wa Kengeja na Konokono wa Bahari ya Barafu

Mashehe, wazee wetu, kina mama na nyote mliofika Kengeja kutupa mkono wa pole, ukoo umenituma mimi, Msellem Qais, mdogo wa marehemu, niwasomee maisha yake.

Bi Alya binti Qais alizaliwa hapa tarehe 3 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa Mzee Qais Hamood na Bi Mwatum Duni, akaanza skuli ya kijijini mwaka 1975, kisha sekondari Chake Chake, na siku hizo maji ya bahari yakitoka humkosi, yuko nyuma ya mama wakiokota chaza, akirudi pindo la kanga limejaa maganda, mama akimgombeza kwamba nyumba imegeuka ufuko.

Mwaka 1992 alihitimu ufundi wa maabara Unguja, akaajiriwa kwenye kituo cha utafiti wa bahari, na tarehe 14 Agosti 1993 akaolewa na Bwana Usama Khatib, muuza dawa wa Mkoani, wakajaaliwa Asma na Hamzah. Uchaguzi wa vyama vingi wa 1995 ulipowagawa majirani mpaka watu wakasusiana mazishi, yeye kila alipokuja likizo alipiga hodi milango yote.

Novemba 2007 alialikwa kwenye meli ya utafiti iendayo bahari ya barafu, kusini kabisa mwa dunia, kwa miezi mitatu, wazee wakakataa, Bwana Usama akasema, "Mwacheni aende, watoto nitawapikia mimi." Kazi yake ilikuwa kutunza konokono wanaoogelea, wadogo kama punje za mtama, chakula cha samaki na nyangumi, kwani moshi wa dunia nzima huingia baharini na kuyatia maji ukali wa tindikali, na maji ya baridi huunywa moshi huo zaidi, basi maganda yao hulika. Dhoruba ilipoharibu mtambo wa kupozea, alizipanga chupa za konokono hao kwenye beseni la maji ya bahari juu ya sitaha, akakaa nazo siku mbili akibadilisha maji, mikono imevimba kwa baridi, na hakuna chupa iliyopata joto.

Alirudi na maganda mawili, akamwekea mama hadubini barazani: moja safi kama kioo, jingine limetobokatoboka.

Mama akauliza, "Sasa huyu, nyumba imetoboka hivi, anaishi vipi, mwanangu?"

Akajibu, "Anaiziba kila siku, mama, mpaka nguvu zinamwishia."

Mama alilia, sisi tukamcheka, kumbe yeye ndiye aliyeelewa.

Juni 2013 aligundulika kuwa na saratani ya damu, akatibiwa Dar es Salaam, akaomba arudishwe nyumbani, na Jumanne tarehe 11 Novemba 2014, baada ya sala ya alasiri, akafariki, mkono wake umo mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa kazini waliovuka kutoka Unguja, na majirani mliolala kwenye mikeka yetu siku tatu. Bwana Usama ameshindwa kusimama hapa, ameniomba niseme tu kwamba miaka ishirini na mmoja ilikuwa michache.

Pumzika, dada yetu, kwa amani ya Mola aliyekuumba.