Pumzi za Nyuki wa Mlingotini

Ilikuwa mwaka 1936, siku chache kabla ya masika. Wasikilizaji wapendwa, mahali ni Mlingotini, kusini mwa mji wa Bagamoyo, na tunayemkumbuka leo ni Mzee Muhidini Bwanausi, aliyefariki dunia Ijumaa iliyopita. Wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, asiyejua kutulia.

Alikuwa amemposa Tabia, binti wa mjane aliyeitwa Bi Dija. Bi Dija alikuwa na mizinga sita ya magogo. Narudia: mizinga sita, na ndiyo iliyomlisha. Hakuitundika mitini, aliilaza juu ya kichanja, chini ya paa la makuti, karibu na mikoko. Dada yake alipougua huko Pangani, ilimbidi aondoke na binti yake. Akamwita Muhidini amwachie amana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ezeka makuti mapya kabla ya mvua. Inamisha mizinga kidogo, maji yasituame. Kila mzinga una tundu dogo nyuma, juu ya kifuniko. Hilo usiliguse. Nyuki hutoka jasho kama wewe."

"Nimesikia, mama."

Alisikia, wasikilizaji, lakini hakuamini. Mvua zilipoanza, aliona maji yataingia kwa nyuma. Dada yake Muhidini, Bi Mwanamkasi, aliniambia juzi: "Kaka alikuwa akitia tonge mdomoni, anainuka. Anakwenda kutega sikio mizingani, anarudi, anainuka tena. Nikamwuliza, wewe unafuga nyuki, au nyuki wanakufuga wewe?"

Siku ya tatu alichota udongo wa kichuguu, akaziba matundu ya nyuma. Aliziba manne. Udongo ukamwishia, na mvua ikamzuia kufuata mwingine. Manne, si sita. Mvumo wa ndani ukapanda, naye akafurahi, akidhani nyuki wamepata joto. Kumbe walikuwa wakipiga mbawa kutafuta hewa.

Baada ya wiki tatu, mizinga minne ilinyamaza. Alipoifungua, masega yalikuwa yameota kuvu, na nyuki wamelala chini, wameloa. Katika mizinga miwili ambayo hakuwahi kuiziba, nyuki walikuwa hai.

Bi Dija aliporudi, Muhidini alieleza yote mwenyewe, hakuisingizia mvua. Akasema atakwenda mashamba ya mkonge, afanye kazi, amlipe fedha.

"Fedha itatua juu ya ua?" Bi Dija alimwuliza. "Nilikukabidhi nyuki, utanirudishia nyuki. Mizinga minne. Aliyewaziba pumzi nyuki wangu, mwanangu nitampaje?"

"Na nikichelewa, mama?"

"Tabia hana haraka."

Bi Tabia, ambaye sasa ni mjane wa marehemu, alicheka aliponisimulia hayo. "Mama alinisemea uongo," alisema. "Haraka nilikuwa nayo."

Muhidini aliikwangua mizinga minne, akaifukiza, akaisugua kwa nta na mchaichai, kisha akaitega mikokoni. Kundi la nyuki haliji kwa kukimbiliwa. Naye, wiki ya kwanza tu, aliihamisha mizinga mara tatu.

"Ungekuwa nyuki," Mwanamkasi alimwambia, "ungepanga kwa mwenye nyumba anayeibeba nyumba kutwa?"

Basi akajilazimisha kukaa. Alisuka makuti ili mikono isimponze. Baada ya mvua za vuli, mizinga miwili ilipata nyuki, naye akairudisha. Mwaka uliofuata akaurudisha wa tatu. Wa nne ulibaki mtupu. Narudia: wa nne ulibaki mtupu, na posa ilibaki inaning'inia.

Kwa Bi Tabia, kwa Bi Mwanamkasi, kwa watoto na wajukuu wa marehemu, ninawapa pole kwa msiba huu. Mwenyezi Mungu awajaalie subira. Nanyi wasikilizaji wapendwa, jiulizeni leo: ni kitu gani mlichokabidhiwa, ambacho mnakidhuru kwa kukihofia mno?

Nimalizie pale alipofika. Asubuhi moja ya mwaka 1938, Muhidini aliingia uani kwa Bi Dija, mzinga wa nne begani, mdomo wa mzinga umefungwa kwa kipande cha kaniki. Akaulaza kichanjani, akaufungua, akarudi nyuma, akasimama. Bi Dija alingoja mpaka nyuki walipotoka, wakazunguka, wakaenda mikokoni, na kurudi.

"Minne imetimia," alisema. "Amana yangu nimeipokea. Sasa mlete mshenga wako."